Namna ya Kuitambua Sevisi Iliyolipuliwa Kabla Hujamlipa Fundi

Gari likizima barabarani siku chache baada ya kutoka gereji, wenye magari wengi wa Nairobi huulaumu umri wa gari, au foleni ya Mombasa Road, au petroli ya kituo fulani, na ni wachache wanaolihusisha tatizo hilo na sevisi iliyofanywa juma lililotangulia. Ilhali kasoro nyingi zinazoletwa na kazi mbovu haziko ndani kabisa ya injini, mahali ambapo mwenye gari hawezi kufika, bali ziko kwenye vitu vidogo ambavyo fundi huvifungua na kuvirudisha: boliti ya kumwagia oili, raba ya filta, nati za magurudumu, pini za breki, kifuniko cha rejeta. Mtu yeyote mwenye tochi ya simu na nusu saa ya subira anaweza kuvikagua. Jambo la msingi ni kwamba ukaguzi huo ufanywe gari likiwa bado uwanjani na pesa zikiwa bado mfukoni mwako, kwa sababu baada ya hapo kila dosari itakuwa na maelezo kumi, na mengi yatakuhusu wewe na uendeshaji wako.

Kabla ya kulipeleka gari

Magari mengi tunayoendesha hapa yaliingia nchini yakiwa yametumika Japani, na kijitabu cha maelezo, kama kipo, kimeandikwa kwa Kijapani. Hilo lisikutishe, kwani mara nyingi daraja la oili limechapwa kwenye kifuniko cha kujazia oili, kwa mfano 0W-20 au 5W-30, na kiasi cha upepo wa tairi kimeandikwa kwenye kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva. Viandike vyote viwili, kisha uandike orodha ya kazi unazotaka zifanywe, moja baada ya nyingine, na umtumie fundi kwa WhatsApp hata kama mnaonana ana kwa ana. Ukiomba sevisi tu bila maelezo, gereji moja itabadilisha oili na filta yake, basi, na nyingine itaongeza plagi, filta ya hewa na ukaguzi wa breki, na mkija kuzozana hapatakuwa na kitu cha kurejelea.

Piga picha za dashibodi zinazoonyesha kilomita na kiwango cha petroli, betri pamoja na kibandiko chake, tairi zote nne, tairi ya akiba na jeki. Halafu chukua rangi ya kucha na uweke tone dogo kwenye filta ya oili iliyopo na kwenye ukingo wa filta ya hewa. Ukilipishwa filta mpya na kulikuta tone lako palepale, mjadala umekwisha. Huku si kumchukulia kila fundi kuwa mwizi. Fundi mzuri hukerwa na kanjanja kuliko wewe unavyokerwa, na hatachukia alama hiyo.

Suala la nani anunue vipuri lina pande mbili. Fundi akienda mwenyewe Kirinyaga Road, kwenye maduka ya vipuri, huenda akaongeza cha juu bila kukueleza, lakini kipuri kikifeli atakuwa amebeba lawama. Ukinunua wewe unajua bei halisi, ila fundi ataweza kusema kwamba kipuri chako ndicho kibovu. Kwa maoni yangu, oili na filta ni vizuri uvinunue mwenyewe katika duka linalotoa risiti, na vipuri vinavyohitaji kulinganishwa na cha zamani, kama pedi za breki, umwachie fundi kwa sharti kwamba alete risiti pamoja na boksi. Oili ghushi ni tatizo la kweli katika jiji hili, kwa hiyo angalia kama mkebe umefungwa kwa lakiri isiyoguswa na kama una alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya, KEBS. Chini ya alama hiyo huwa kuna namba ya kibali, nawe unaweza kuihakikisha kwa kutuma herufi SM, alama ya #, kisha namba hiyo kwenda 20023. Baada ya kazi, ondoka na mkebe mtupu au uutoboe, kwa maana mikebe mizima ya chapa zinazojulikana ndiyo inayorudi sokoni ikiwa imejazwa oili isiyojulikana ilikotoka.

Oili na filta

Kazi hii huonekana kuwa nyepesi kuliko zote, ndiyo maana huachiwa kijana anayejifunza, na ndiyo maana huharibika mara nyingi. Ukiweza kusimama karibu na gari kwa sehemu moja tu ya sevisi, simama hapa.

Oili ya zamani inapaswa kumwagwa injini ikiwa na joto la wastani, na iachwe ichuruzike mpaka ibaki matone. Wengine hurudisha boliti wakati uzi wa oili ungali unatiririka, na oili chafu inayobaki huchanganyika na ile uliyoilipia. Boliti hiyo ina washa nyembamba inayobonyea inapokazwa ili kuziba, nayo hutakiwa kubadilishwa kila oili inapobadilishwa. Bei yake ni ndogo mno kiasi kwamba hakuna sababu ya kuirudisha ya zamani, isipokuwa kwamba hakuna aliyekumbuka kuinunua. Kwa hiyo inunue mwenyewe.

Kukaza kupita kiasi ni baya zaidi kuliko kutokaza. Kwenye Toyota nyingi ndogo boliti hii huhitaji nguvu ya takriban niutoni-mita 38, ambayo mkono mmoja huifikia kwa spana ya kawaida bila kuirukia. Fundi anapoongeza bomba kwenye mpini wa spana ili apate nguvu zaidi, nyuzi za tundu kwenye sampu, yaani lile bakuli la chini linalobeba oili, huanza kulika, na baada ya sevisi mbili au tatu boliti huzunguka bila kushika. Hapo ndipo utakapokuta boliti imezungushiwa tepu nyeupe ya mafundi wa mabomba ya maji, au imepakwa silikoni. Tepu huficha uharibifu kwa muda tu. Silikoni ina hatari yake, kwa sababu vipande vyake vikijitenga ndani huweza kuziba chekecheke la pampu ya oili na kuinyima injini nzima ulainisho. Mulika tochi chini ya gari. Ukiona utepe mweupe au ute uliogandika kandokando ya boliti, uliza swali lako kabla ya jambo jingine lolote.

Kwenye filta, hakikisha kwamba raba ya filta ya zamani imetoka pamoja na filta yenyewe. Mara kwa mara raba hiyo hung'ang'ania kwenye injini, filta mpya ikafungwa juu yake, na raba mbili zikilaliana hushika vizuri injini ikiwa inaunguruma polepole gereji, kisha huachana kwa ghafla shinikizo linapopanda barabarani. Oili yote yaweza kumwagika kwa dakika chache. Mwombe fundi akuonyeshe filta ya zamani ikiwa na raba yake. Ni ombi la sekunde tano. Filta mpya hupakwa oili kidogo kwenye raba, hukazwa kwa mkono mpaka iguse, kisha huongezwa takriban robo tatu ya mzunguko. Spana ya filta ni ya kufungulia.

Kisha kuna kiasi. Injini ya lita 1.5 iliyo kwenye Probox na Fielder nyingi huchukua takriban lita 3.7 pamoja na filta, lakini oili huuzwa kwa mkebe wa lita 4, na fundi mwenye haraka huumimina wote. Ziada ndogo si msiba. Ziada kubwa ni tatizo, kwani fito za ndani huipiga oili mpaka itoe povu, na povu halilainishi chuma. Baada ya kujaza, injini iwashwe kwa dakika moja au mbili, izimwe, oili isubiriwe ishuke, ndipo kijiti cha kupimia kichomolewe, kifutwe, kirudishwe na kusomwa, gari likiwa mahali tambarare. Kusoma kijiti gari likiwa bado juu ya jeki upande mmoja ni kujidanganya. Oili inayobaki ni yako, nenda nayo.

Gari linapowashwa kwa mara ya kwanza, taa nyekundu ya shinikizo la oili inapaswa kuzimika ndani ya sekunde chache. Isipozimika, zima injini hapohapo, na usimsikilize mtu anayekuambia kwamba itazimika ukiendesha.

Breki na magurudumu

Kanjanja wa breki hutambulika kwa msasa. Gari linapopiga kelele, yeye huzitoa pedi, huzisugua, huzirudisha na kudai malipo, hali chanzo cha kelele ni pini za kalipa, yaani kibanio kinachozishika pedi, zilizokauka na kushika kutu. Pini hizo ndizo zinazoiwezesha kalipa kuteleza ili pedi zote mbili ziibane diski sawasawa, na zikikwama pedi ya ndani hulika mpaka chuma huku ya nje ikiwa bado nene. Kwa hiyo usiridhike kuonyeshwa pedi ya nje peke yake. Taka uone zote, na uone pini zimetolewa, zimesafishwa na kupakwa grisi maalumu inayostahimili joto. Grisi ya kawaida ya bearingi huyeyuka na huharibu mipira. Pedi iliyobakisha milimita 3 ni ya kubadilishwa, hata kama fundi anaapa kwamba itakufikisha Krismasi.

Angalia pia namna kalipa inavyowekwa inapotolewa. Kuiacha ining'inie kwa bomba lake la mpira ni uzembe ambao hauonekani baadaye, kwa maana bomba hupasuka kwa ndani. Fundi anayejua kazi huifunga kwa waya au huipumzisha juu ya kitu.

Baada ya pedi mpya kufungwa, kanyagio la breki hushuka mpaka chini kwa mara chache za kwanza, kwa sababu pistoni zimerudishwa nyuma. Fundi analazimika kulikanyaga mara kadhaa kabla gari halijasogea hata hatua moja, lakini hili husahaulika, na ndilo linaloligonga gari kwenye ukuta wa gereji. Ukipewa ufunguo, kaa, ukanyage kabla ya kuwasha. Kanyagio likiwa laini kama sponji, huenda kuna hewa ndani ya mfumo, na gari hilo lisiingie barabarani. Oili ya breki yenyewe hunyonya unyevu wa hewani, na watengenezaji wengi hupendekeza ibadilishwe karibu kila baada ya miaka miwili; chupa iliyokaa wazi kwenye rafu ya gereji tangu mwaka jana haifai kujazia gari la mtu.

Nati za magurudumu zina mkasa wake. Mashine ya upepo inayozikaza kwa kishindo haina kipimo, na kijana anayeishika huiachia mpaka inyamaze. Toyota nyingi ndogo huhitaji nguvu ya niutoni-mita 103. Nguvu inayozidi sana hapo huvuta stadi, yaani boliti ambazo nati hizo hufungwa juu yake, mpaka zikatike, na utaligundua hilo usiku, kando ya Outer Ring Road, unapojaribu kubadilisha tairi kwa spana yako ndogo na nati hazitikisiki. Taka nati zifungwe kwanza kwa mkono, kwa mpangilio wa kukingama, na zimaliziwe kwa spana yenye kipimo cha nguvu gari likiwa limegusa ardhi. Gereji nyingi ndogo hazina spana hiyo. Wakikosa, fungua na kukaza kila nati kwa spana ya gari lako kabla ya kuondoka, ili ujue kwamba inawezekana, kisha uzikague tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Maji ya rejeta na thamostati

Nairobi iko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na maji matupu huchemka hapa kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya injini ni shinikizo linalohifadhiwa na kifuniko cha rejeta, pamoja na kipozea maalumu kinachochanganywa na maji, ambacho pia huzuia kutu. Fundi anayemwaga kipozea na kujaza maji ya bomba, kisha akarudisha kifuniko chenye raba iliyokauka, amekuondolea kinga zote kwa mkupuo mmoja, na gari litachemka siku ya kwanza utakapokwama Waiyaki Way saa kumi na mbili jioni.

Kuna desturi nyingine iliyoota mizizi katika gereji zetu, nayo ni kuitoa thamostati, yaani vali inayofungua na kufunga njia ya maji ya kupoza injini, na kuitupa kila gari linapopata joto. Joto hushuka kweli, mteja hufurahi na fundi husifiwa. Lakini kwenye magari mengi thamostati imewekwa ili ifunguke karibu na nyuzi 82, injini ifanye kazi katika joto lake sahihi, na bila kifaa hicho injini hubaki baridi, hunywa petroli nyingi na huchakaa haraka. Utaijua kasoro hii kwa sindano ya joto inayochelewa kufika katikati, au inayoshuka ukiongeza mwendo Thika Road alfajiri. Kwenye magari yasiyo na sindano, taa ya bluu ya injini baridi hukaa muda mrefu kupita kawaida.

Mengineyo

Filta ya hewa iliyopulizwa kwa kompresa si filta mpya. Plagi za iridiamu zina ncha nyembamba kama sindano, kwa hiyo ukilipia hizo ukaonyeshwa ncha nene, umeuziwa kitu kingine. Oili ya giaboksi ya CVT, yaani ya otomatiki isiyo na gia za hatua, iliyo kwenye Nissan Note na Fielder nyingi za miaka ya karibuni, haiwezi kubadilishwa na oili ya giaboksi ya kawaida ya otomatiki, na fundi anayekuambia kwamba oili moja inafaa magari yote anakuandalia gharama ya giaboksi nzima. Kinga ya plastiki iliyo chini ya injini ihesabiwe klipu zake, kwani inayobaki bila klipu huburuta kwenye matuta mpaka ipasuke.

Neno moja kuhusu kuosha injini. Ikioshwa kabla ya kazi, uvujaji utaonekana vizuri. Ikioshwa baada ya kazi kwa maji ya presha, kila tone la oili lililokuwa limeanza kuvuja hufutika, na maji huweza kuingia kwenye matundu ya plagi na viunganishi vya umeme. Mimi hukataa zawadi hiyo.

Kabla ya kulipa, endesha gari pamoja na fundi, redio ikiwa imezimwa, mpite penye tuta na mahali unapoweza kufunga breki kwa uthabiti. Mkirudi, acheni injini iungurume kwa dakika kumi juu ya kipande cha kadibodi safi. Kadibodi hiyohiyo ilaze chini ya gari nyumbani usiku huo, kwa sababu uvujaji wa polepole hauonekani mbele ya fundi. Lipa kwa namba ya biashara ya gereji badala ya namba ya simu ya fundi binafsi, na udai risiti yenye namba ya gari, kilomita, chapa na daraja la oili, na kila kipuri kilichofungwa.

Ikiwa kazi imeharibika

Usiendelee kuendesha, na usimwite fundi mwingine arekebishe kabla hujapiga picha. Ikimbidi mtu kufungua, afungue mbele yako huku simu ikirekodi. Halafu irudie gereji ya kwanza kwa maandishi, ueleze kasoro, uambatishe picha, na uipe siku za kurekebisha. Gereji nyingi zenye jina la kulinda zitarekebisha bila ugomvi, na inafaa kukumbuka kwamba fundi anayelipwa kwa idadi ya magari anayoyamaliza kwa siku hafanyi haraka kwa kupenda. Hilo linaeleza kosa, halimwondolei mwenye gereji wajibu.

Ukipuuzwa, sheria iko upande wako zaidi ya wengi wanavyodhani. Ibara ya 46 ya Katiba humpa mtumiaji haki ya huduma za ubora unaofaa na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 ina sehemu nzima inayohusu urekebishaji wa magari, inayogusia makadirio ya gharama, idhini ya mteja kabla ya kazi, kurudishiwa vipuri vilivyotolewa, na dhamana ya vipuri vilivyofungwa pamoja na kazi ya kuvifunga. Ndiyo maana kuomba filta na pedi zako za zamani si usumbufu.

Dai lisilozidi shilingi milioni 1 linaweza kupelekwa katika Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi Milimani mwaka 2021. Unaweza kujiwakilisha bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Nenda ukiwa na orodha ya kazi uliyoituma kwa WhatsApp, risiti, ujumbe wa malipo ya M-Pesa, picha za kabla na za baada, barua yako kwa gereji, maelezo ya maandishi kutoka kwa fundi wa pili aliyelikagua gari, na risiti za kuvutwa na za matengenezo mapya. Kipuri chenyewe kilichoharibika kitie kwenye mfuko wa plastiki, kiandikie tarehe na namba ya gari, na usikikabidhi kwa mtu yeyote kabla kesi haijaamuliwa.